Makofi Matatu Sakafuni

Kalenga, Iringa
Jumapili, tarehe 12 Aprili 1959

Kwa Dada yangu Atuganile,

Nakusalimu kutoka huku Kalenga, ambako ukungu wa mtoni hauondoki kabla ya saa tatu na mahindi ya kuchelewa bado yamesimama mashambani. Afya yangu haina kasoro. Kifua kilichonisumbua mwezi wa Januari kimepona, na wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaendelea na masomo yao. Natumaini nawe u mzima, kwamba magoti ya Mama yanaivumilia baridi inayoanza kushuka huko Uyole, na kwamba vidonda vya mgongoni mwa Sedekia vimepungua tangu ulipoanza kumgeuza kila baada ya saa mbili, kama mganga alivyokuelekeza.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi za aina mbili. Moja ni fupi, ya salamu na habari za shule. Naijua desturi ya nyumba yetu: barua yangu ikifika, Mama husogeza kigoda karibu na meko, mlango wa chumba cha Sedekia huachwa wazi ili naye asikie, nawe husoma kwa sauti tangu tarehe hadi jina langu. Karatasi hiyo fupi wasomee wote. Hizi nyingine ni zako peke yako, na nakuomba uzisome ukiwa mahali ambapo hakuna atakayekutazama uso.

Barua zako tatu nimezipokea. Ya kwanza, uliyoiandika tarehe 21 Februari, ilinifikia tarehe 2 Machi. Ya pili ilinifikia tarehe 12, na ya tatu tarehe 20, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Nakutajia tarehe hizi ili usinitafutie udhuru, kwa maana najua umekwisha kunitafutia. Posta haikuchelewa. Sikuugua. Barabara ya Iringa haikukatika kwa mvua. Hata ile ya tatu, kama ningetembea mpaka mjini siku ileile na kupeleka simu ya maandishi, neno moja lingekufikia kesho yake, na ungekuwa na siku nzima ya kulipeleka kwa Isakwisa.

Uliniuliza jambo lililo wazi kabisa. Isakwisa seremala amekungoja miaka minne. Alikwisha kukubali kwamba Sedekia mtahama naye, na amekwisha kukujengea chumba chenye mlango mpana wa kupitisha kitanda. Ndugu zake wamechoka, wamemtafutia binti mwingine, nao walimpa mpaka Jumapili ya Matawi. Kilichokuzuia si Isakwisa wala si ndugu zake. Uliandika, na maneno haya nayanukuu kama yalivyo, kwamba hujui kama mtu aliyemvunja ndugu yake ana haki ya kuvaa shela. Kwamba Mama, ulipomwuliza, alikujibu kuwa yeye hana neno, mwulize Andendekisye, yeye ndiye baba wa nyumba hii sasa, akikufungua umefunguka. Ukanisihi nikuambie kama dhambi ya zamu ya kuni imekwisha au bado.

Neno lako hilo la mwisho, bado, ndilo lililonifanya nikae na barua mkononi mpaka taa ikaanza kutoa moshi. Utashangaa kuona naanzia mbali, lakini siwezi kukujibu bila kuanzia kwenye sinema.

Unalikumbuka gari la sinema. Lilikuja kwetu mara ya kwanza mwezi wa Juni 1950, la kijani, lenye kipaza sauti juu ya paa, likasimama pale uwanjani mbele ya kanisa. Wakatundika kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili. Upande wa mbele walikaa wazee, wazee wa kanisa wakiwa na viti vyao, kisha akina mama, kisha wasichana wa kwaya, nawe ukiwa miongoni mwao. Mimi na Sedekia tulifika tumechelewa kwa sababu ya ndama, tukakuta hakuna nafasi hata ya kusimamisha mguu. Tukazunguka nyuma ya kitambaa. Huko majani yalikuwa na umande, tukajifunika blanketi moja, na picha zikaonekana vilevile kama mbele, ila kila kitu kiligeuka: maandishi yalikwenda kinyume, na watu wote walikuwa wa mkono wa kushoto.

Walituonyesha kwanza jinsi ya kuchimba choo, kisha matuta ya kuzuia udongo, kisha mtoto aliyekunywa maji machafu. Mwisho wa yote, ili watu waondoke wakiwa na furaha, wakatuonyesha mieleka. Wazungu wawili wenye kaptula za kubana, ndani ya uzio wa kamba, na wa tatu mwenye shati jeupe akiwazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Mmoja alikuwa mnene, hana unywele hata mmoja, tukamwita Kipara. Mwingine alikuwa mwembamba, amevaa soksi ndefu mpaka magotini, tukamwita Soksi. Majina hayo yalitungwa na Sedekia kabla picha haijafika katikati, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa kikiyatumia.

Mfasiri alikuwa Bwana Tadeo. Hukumwona sana, kwa kuwa alikaa ndani ya gari na kuzungumza katika kipaza sauti, lakini sauti yake nadhani hata wewe hujaisahau. Kwenye choo na matuta alisema kwa kusinzia kama mtu anayesoma orodha. Kwenye mieleka alikuwa mtu mwingine. Kipara akimtupa Soksi, Tadeo aliguna kana kwamba ametupwa yeye. Na palipofika mahali ambapo Kipara alimlaza Soksi kifudifudi, akamkalia kiunoni, akaishika miguu yake yote miwili na kuivuta nyuma mpaka mgongo ukapinda kama upinde, Soksi akainua kiganja na kupiga sakafu mara tatu. Tadeo akapaza sauti: “Anakataa! Mtazameni! Anasema bado! Bado! Bado!”

Watu wakapokea. Uwanja mzima, mzee wa kanisa na mlevi, ukawa unaitikia bado, bado, bado kwa kila kofi. Baba yetu, ambaye hakupata kucheka mbele ya watu, alisimama kutoka kitini. Kisha picha ikakatika, kama ilivyokuwa ikikatika siku zote mahali palepale, na nyingine ikaanza ambamo Kipara na Soksi walikuwa wamesimama tena.

Gari lilirudi mara nne katika mwaka uliofuata. Choo walikibadilisha kikawa kisima, matuta yakawa mbolea, lakini mieleka ilikuwa ileile. Mimi na Sedekia hatukutaka tena upande wa mbele, hata tulipowahi. Tulijifunza kila mtego kutoka nyuma ya kitambaa, kwa mkono wa kushoto. Nikikwambia kwamba sijapata kuwa na furaha kama ile, usidhani napamba maneno. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi, na sioni siku nyingine ninayoweza kuiweka kando ya zile. Blanketi lilinuka moshi. Sedekia alikuwa akinitangulia kunong'ona kitakachotokea, sekunde moja kabla, na kila kilipotokea alinipiga kiwiko kana kwamba ametabiri.

Neno lile likaingia nyumbani. Ugali ukipungua, Sedekia alipiga meza makofi matatu na Mama akamwongezea huku akimwita Soksi wa Uyole na kumwuliza hayo matumbo ya Kipara ameyapata wapi. Wewe mwenyewe, ukifua kando ya kijito, nikikuuliza kama umemaliza, ulipiga beseni mara tatu bila kuinua kichwa. Baba alipiga Biblia yake siku moja hivyo, kwa bahati mbaya nadhani, tukaangua kicheko katikati ya sala, naye akatutazama, kisha akainamisha uso ili tusione kwamba na yeye. Sikumbuki ni nani kati yetu aliyeacha kwanza kupiga makofi hayo baada ya mwezi wa Agosti 1951. Nakumbuka tu kwamba siku moja niliona hayapo.

Sasa nikurudishe kwenye mwezi uliopita. Tarehe 13 Machi, siku moja baada ya barua yako ya pili, gari la sinema lilikuja hapa Kalenga. Si lile la kijani. Hili ni jipya, lenye rangi ya udongo. Mfasiri ni kijana aitwaye Timotheo, mtu wa Kilolo, na baridi ilikuwa imemkamata koo hata hakuweza kutoa sauti zaidi ya mkwaruzo. Alinifuata nyumbani saa kumi na moja jioni, akaniamkia kwa heshima, akaniomba nimsaidie kushika kipaza sauti, kwa kuwa aliambiwa kwamba mwalimu wa Kiingereza anatamka vizuri. Nilikubali. Sikuuliza ni picha gani.

Jua lilipokwisha kuzama tukaanza na kunawa mikono, tukaendelea na namna ya kuhifadhi mahindi. Watu walikuwa wengi, wamejaa mpaka kwenye ua wa kanisa. Mbele kabisa aliketi Bibi Severina, auzaye ulanzi, ile pombe ya mianzi, mwanamke ambaye hakuna anayethubutu kujibizana naye hapa. Aliniambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwalimu huyu ana sauti ya mazishi, na kama mahindi yenyewe yanahifadhiwa kwa huzuni hivyo yeye atayala leo yote. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha Timotheo akabadilisha gurudumu la filamu, taa ikapiga kitambaani, na Kipara akaingia ulingoni.

Filamu imechakaa. Imejaa mikwaruzo, inayoshuka kama mvua, na mahali pengine watu wanaruka kutoka kona hadi kona bila kutembea. Lakini ni ileile. Nilisahau kipaza sauti mkononi, na sababu yake ni ndogo hata naona haya kuiandika: Kipara alikuwa akitumia mkono wa kulia. Sikuwa nimepata kumwona kutoka mbele. Nilijisikia kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu yake na kuambiwa huyu ni mwingine.

Bibi Severina aliniamsha. Aliuliza kama wazungu hawa wamekosa shamba la kulima, na mama zao wako wapi wasiwavike nguo. Nikaanza kufasiri. Nilitaja mitego kwa majina tuliyoyatunga mimi na Sedekia, na watu wakayapenda. Ndipo Soksi akalazwa kifudifudi, Kipara akamkalia kiunoni, miguu ikavutwa, kiganja kikainuka. Nikasikia mwenyewe nikisema, kwa sauti ile ya mazishi, kwamba amekubali kushindwa na anaomba aachiwe.

Uwanja uliguna kwa kukata tamaa. Bibi Severina akageuka akanitazama, akauliza: “Kumbe ndiyo maana yake? Akipiga hivyo, yule mnene anamwacha?” Nikamjibu kwamba anamwacha. Filamu ya Timotheo haikukatika mahali pale. Kipande kilichokosekana kule kwetu Uyole, huku kilikuwapo. Kipara akaifungua mikono yake, akasimama, akamshika Soksi kwapani na kumwinua, wakapeana mikono. Bibi Severina akasema, si kwangu, ni kama kwa nafsi yake, kwamba basi ni watu wema.

Baadaye, tulipokuwa tukikunja nyaya, Timotheo alinishukuru, akaongeza, kwa ule mkwaruzo wake na huku akicheka, kwamba tena mwalimu usiwahurumie wale, hawaumizani hata kidogo, wamekwisha kupatana tangu asubuhi nani aanguke na nani apige sakafu. Ni kazi yao kama hii yetu ya kubeba mashine. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema kila mtu wa sinema anajua. Kwa hiyo, Dada, kwa kadiri ninavyoweza kufahamu, katika watu wote waliohusika na mchezo ule, kutoka walioucheza mpaka waliouona kutoka Mbeya hadi huku, aliyeumia ni mmoja.

Umekwisha kuelewa. Hata hivyo nitaliandika, kwa sababu jambo lisiloandikwa waziwazi utalirekebisha kwa huruma yako, kama ulivyozoea.

Siku ile ya Agosti, zamu ya kuni ilikuwa yako. Ulikuwa na mazoezi ya kwaya, ukamwomba Sedekia akushikie zamu, ukamwahidi kiazi cha kuchoma. Alikwenda. Huo ndio mchango wako wote katika jambo hili, na mwanadamu yeyote mwenye akili atakwambia kwamba si kitu. Mimi nilimfuata dakika chache baadaye, bila kutumwa. Tulikusanya kuni nusu mzigo chini ya mikaratusi, tukachoka, tukaamua kucheza. Hakupanda mti. Tawi kavu lililovunjika, ambalo Baba alilitafuta na kulichoma kwa hasira, lilikuwa limelala pale chini tangu upepo wa Julai. Nilimwangusha Sedekia kwenye majani, nikamlaza kifudifudi, nikamkalia kiunoni na kuivuta miguu yake. Akapiga chini mara tatu.

Kwa sheria ya Tadeo, ambayo ndiyo iliyokuwa sheria ya watoto wote wa Uyole, makofi yale yalisema bado, endelea. Ukitaka kunihurumia utashika hapo. Utasema kwamba tulikuwa watoto, kwamba mfasiri alitupotosha, kwamba kosa lilikuwa la neno. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nami nimeishi ndani ya udhuru huo kwa muda mrefu. Naujua kila chumba chake. Lakini si kweli. Mara ya tatu gari lilipokuja, nilikuwa nimeacha kumsikiliza Tadeo na kuanza kumtazama yule mwenye shati jeupe. Niliona kwamba kila Soksi alipopiga sakafu, yeye alikimbia na kumgusa Kipara begani, kisha picha ikakatika. Nilitazama tena mara ya nne. Nikahitimisha kwamba kupiga sakafu ni kuomba, na kwamba Tadeo amekosea. Sikumwambia mtu. Nilifurahi kujua jambo ambalo watu wote wale hawakulijua.

Kwa hiyo Sedekia alipopiga mara tatu nilijua kuna maana mbili, na sikujua yeye ametumia ipi. Kisha akapiga tena, na tena, upesi, bila mpango, wala hazikuwa tena mara tatu. Hapo maana ilibaki moja. Lakini picha yetu siku zote ilikatika mahali pale. Sikuwa nimepata kuona kinachofuata. Niliendelea kuvuta kwa sababu nilitaka kukiona. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta kwa miaka minane ili nikuletee iliyo bora kuliko hiyo, sikuipata. Kulitoka mlio mdogo, kama wa ukuni, na mkono wake ukanyamaza.

Nilipomgeuza aliniambia, kabla mimi sijafungua kinywa, kwamba tuseme ameanguka mtini. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nikakimbia nyumbani nikasema hivyo. Mama akauliza alikuwa mtini akifanya nini, nami nikajibu kwamba anatafuta kuni, na Mama akauliza zamu ya nani. Nilikuwa nimesimama pale, Dada, ulipogeuka na vitabu vya kwaya mikononi. Niliona neno likikuingia. Ningeweza kulitoa siku ile kwa sentensi moja. Ningeweza kulitoa hospitalini, daktari alipouliza mbona hakuna mchubuko wa kuanguka. Ningeweza kulitoa mwaka 1955, Baba alipokuwa akifa na kukuita, akakusamehe mbele yetu sote kwa kosa ambalo hukulitenda, nawe ukapiga magoti ukamshukuru.

Na ningeweza kulitoa mwezi wa Machi. Nilipomaliza kusema katika kipaza sauti cha Timotheo, niliona jinsi sentensi ile ilivyo fupi. Mtu aliyechoka anaweza kuisema, na mwanamke auzaye ulanzi akaielewa mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri kukuandikia. Barua zako mbili zilikuwa mezani. Niliandika mara nne, nikachana mara nne, kwa hesabu hii: kwamba ukijua huna kosa, utaondoka, na ukiondoka Mama atauliza, na nikijibu sitakuwa tena baba wa nyumba hii bali kitu kingine ambacho sikijui jina. Wiki moja baadaye ikafika ya tatu. Ilikuwa na mistari sita tu na mwandiko wako ulikuwa umekwenda upande. Niliisoma nikaielewa kama nilivyolielewa jambo lile nyuma ya kitambaa. Nikaikunja.

Siku ya Alhamisi Mwalimu Saulo, mwenzangu hapa shuleni, alirudi kutoka Mbeya, akaniletea habari bila kujua anamletea nani. Amesema matangazo ya ndoa ya Isakwisa na Ikupa, yule binti aliyetafutiwa na ndugu zake, yalisomwa mara ya kwanza siku ya Pasaka, na mara ya pili Jumapili iliyopita. Ya tatu yanasomwa leo. Ni saa nne na nusu sasa. Ibada imefika hapo. Kwa lugha yetu jina la mtu yule linasema atakuja, nawe ulipokuwa msichana tulikutania nalo mpaka ukaturushia maganda ya ndizi. Amekuja miaka minne. Hatakuja tena, na hana kosa.

Unaweza kuuliza kwa nini nimeandika leo na si Machi. Nimejiuliza hilo kwa ukali wote nilio nao. Nadhani nimeandika leo kwa kuwa leo ukweli hauwezi tena kukupeleka popote. Chumba chenye mlango mpana kitapata mwenyewe. Utabaki pale pale, na beseni na vitambaa, na saa mbili mbili, ila sasa bila hata ile sababu iliyokufanya uvumilie. Sikukupa chochote kwa barua hii. Sikuombi msamaha, maana najua ungenipa, na ungekuwa mzigo mwingine juu ya ule niliokubebesha.

Kuhusu Mama, hawezi kusoma, na hakuna mwingine wa kumsomea ila wewe. Ukimsomea karatasi hizi, itakubidi kusoma kutokuwa na hatia kwako kwa sauti yako mwenyewe, na anaweza kudhani umeyatunga. Usipomsomea, atakufa akiamini habari za zamu. Nimelitazama jambo hili kila upande na sioni mlango. Fanya utakavyo, mimi ukiniita nije niseme mbele yake, nitakuja, ingawa umekwisha kuona thamani ya kuja kwangu.

Naomba unisalimie jirani zetu wote, na wazee wa kanisa, na wenzako wa kwaya waliobaki. Mwambie Mama nimepokea maharage, nasema ndaga, asante. Nakutakia nguvu za mwili, kwa kuwa hizo ndizo pekee ninazoweza kukutakia bila kujidanganya.

Na umsalimie Sedekia. Krismasi ya mwaka juzi, ulipokuwa umekwenda kuchota maji, aliniuliza mara moja tu, akitazama dari, kama siku ile nilidhani anasema bado. Nilimjibu ndiyo. Akashusha pumzi, akasema alijua, na tangu hapo amelala vizuri zaidi. Wewe mwenyewe uliniandikia ukishangaa. Mwambie, kama utaweza, kwamba nilimdanganya. Mwambie nilimsikia.

Ni mimi mdogo wako,
Andendekisye